Roboti Inakamua Ng'ombe, Mbona Pilipili Hoho Inaishinda?

Haipiti muda kabla video ya namna hii haijazunguka kwenye simu za watu: mkono wa chuma unanyooka kuelekea mti, unashika tunda lililoiva, unalizungusha kidogo na kulilaza kwenye kreti bila kulichubua. Kwenye maoni watu hugawanyika. Huyu anaandika kwamba mkulima kwisha kazi, yule anaapa kwamba picha zimetengenezwa na kompyuta. Wachache mno huona maandishi madogo pembeni, “×4” au “×8”, yanayosema kwamba video imeongezwa kasi mara nne au nane.

Wote wawili wanakosea. Zipo kazi za chakula ambazo roboti inazifanya kwa zaidi ya miaka 30 sasa na wala hazimshangazi mtu tena. Zipo nyingine ambazo mtoto angezifanya huku akipiga soga, lakini roboti ya gharama kubwa inazihangaikia mchana kutwa. Tofauti ya kazi hizo haitokani sana na akili ya roboti. Inatokana na mahali inapofanyia kazi, na nani alipaandaa mahali hapo kabla haijawashwa. Habari nyingi hulipita jambo hili, nami naona ndilo lenye uzito kuliko yote.

Ipi ni roboti, ipi ni mashine tu

Saa ya kengele hulia saa 11 alfajiri hata kama umeshaamka, umeshaoga na umeshatoka. Hiyo ni mashine: inafanya ilichopangiwa, basi. Roboti ingetazama kitanda kwanza, na ikikuta hakuna mtu ingenyamaza.

Kwa hiyo kitu kikiitwa roboti, tutarajie kina sehemu tatu. Ya kuhisi, yaani kamera, leza au kipimo cha uzito na joto. Ya kuamua, yaani kompyuta na programu yake. Na ya kutenda: mkono, gurudumu, kisu, bomba la dawa. Droni inayorushwa na mtu mwenye rimoti ni ndege ndogo tu. Ile inayosoma mipaka ya shamba, ikapanga njia yake na kufunga dawa yenyewe inapofika ukingoni, hiyo ni roboti.

Umbo la binadamu basi halimo kwenye masharti. Roboti nyingi za chakula hazina kichwa wala miguu, na moja ya zile zilizoenea zaidi ni chumba kidogo ambacho ng'ombe huingia ndani yake. Akili mnemba nayo si jina jingine la roboti. Inaweza kuwa sehemu ile ya kuamua, hasa pale kamera inapotakiwa kutofautisha mche na gugu, lakini zipo roboti za kiwandani zilizofanya kazi nzuri miaka mingi bila kuwa nayo.

Palipo tambarare

Roboti ilizoeleka mapema kwenye chakula ambacho tayari kimetoka jikoni au kwenye tanuri la kiwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 timu iliyoongozwa na Reymond Clavel, katika chuo kikuu cha teknolojia cha Lausanne nchini Uswisi, ilipata wazo baada ya kutembelea kiwanda cha chokoleti: itengenezwe roboti ya kupanga chokoleti ndani ya maboksi. Waliyoibuni ina mikono mitatu myembamba inayoning'inia kutoka juu, huku mota zake nzito zikiwa zimefungwa kwenye fremu. Kwa kuwa kinachosogea ni chepesi, roboti za aina hiyo huweza kuokota na kupanga vitu zaidi ya 100 kwa dakika. Leo ziko kwenye viwanda vya biskuti, mikate na vyakula vya kugandisha sehemu nyingi za dunia.

Lakini tazama inaokota nini. Chokoleti zote zina ukubwa mmoja. Zimelala juu ya mkanda wa rangi moja, chini ya taa isiyobadilika asubuhi hadi usiku. Hakuna upepo, hakuna umande, hakuna jani lililofunika kitu. Kila kinachoweza kuichanganya kimeondolewa mapema na watu.

Nyama ni ngumu zaidi, kwa sababu hakuna wanyama wawili wenye mifupa iliyokaa sawasawa. Baadhi ya machinjio ya kondoo huko New Zealand yalilitatua hilo kwa kupiga kila mzoga picha ya eksirei kabla haujafika kwenye kisu, ili mashine ijue mbavu za huyu zinaanzia wapi na uti wa mgongo umepinda wapi. Kuiongezea akili peke yake kusingetosha. Ilipewa macho yanayopenya nyama.

Ndani ya roboti ya kukamua

Hapa inafaa tusogee karibu, maana hakuna mfano mzuri kuliko huu. Roboti za kwanza za kukamua zilianza kazi kwenye mashamba ya Uholanzi mwaka 1992, na leo zimeenea Ulaya, Amerika ya Kaskazini na kwingineko.

Anayeiona kwa mara ya kwanza hushangazwa na ng'ombe kuliko mkono wa chuma. Hakuna anayemswaga. Anakuja mwenyewe, kwa muda wake, hata saa 8 usiku, kwa sababu anajua ndani kuna chakula kitamu cha nyongeza. Shingoni amevaa kifaa chenye namba yake. Akiingia, kompyuta inamsoma: ni fulani, mara ya mwisho alikamuliwa saa ngapi, anastahili chakula kiasi gani. Ikiwa amerudi mapema mno kwa uroho tu, lango la mbele linafunguka na anatoka bila kuonja kitu. Ng'ombe hujifunza hilo haraka, ingawa wapo wasiokata tamaa.

Akikubaliwa, mkono unapita chini ya tumbo. Brashi au kikombe cha maji ya uvuguvugu kinasafisha chuchu, kisha leza na kamera zinatafuta chuchu ziko wapi hasa, na vikombe vinne vinavishwa kimoja baada ya kingine. Kila chuchu inakamuliwa peke yake, na ikiisha maziwa kikombe chake kinaachia, tofauti na mashine za zamani zilizovua vyote kwa pamoja. Wakati huo maziwa yanapimwa yakiwa njiani. Kiwele kikianza kuvimba, chumvi huongezeka kwenye maziwa na umeme hupita kirahisi zaidi, kwa hiyo roboti inaweza kushuku ugonjwa wa kiwele kabla mfugaji hajaona dalili kwa macho. Maziwa hayo hupelekwa kwenye chombo cha pembeni, yasichanganyike na mengine. Roboti moja huhudumia ng'ombe wapatao 60, na kila mmoja hukamuliwa mara mbili au tatu kwa siku.

Kwa nini kazi hii imewezekana, wakati ng'ombe ni kiumbe hai anayepiga mateke? Kwa sababu ng'ombe anajileta. Kwa sababu chumba ni chembamba na hawezi kugeuka. Kwa sababu kompyuta inakumbuka kiwele cha kila mmoja kilikuwaje jana. Na kwa sababu ambayo matangazo ya biashara huipitia juujuu: wafugaji huchagua ng'ombe wanaoifaa mashine. Chuchu zikikaribiana mno, zikipishana, au kiwele kikining'inia chini sana, mkono unababaika, na ng'ombe huyo mwishowe huuzwa hata kama anatoa maziwa mengi. Mpangilio wa chuchu umekuwa kigezo cha kuchagua dume la kupandishia. Roboti ilimfuata ng'ombe bandani, na ng'ombe naye amekuwa akibadilishwa taratibu ili aifuate roboti.

Mfugaji mwenyewe hajaondoka. Amesamehewa kuamka alfajiri kila siku ya Mungu, lakini simu yake humwamsha usiku wa manane bomba likiziba. Saa alizookoa hutumia nyingi kusoma takwimu, kusafisha vifaa, na kuwafuata ng'ombe wachache waliogoma kuingia.

Shamba la wazi

Nje ya banda mambo yanabadilika: jua linasogea, udongo unateleza, mawe yanajitokeza, mimea inakua kila siku. Kazi iliyorahisika mapema ilikuwa kwenda mstari mnyoofu. Mwezi Mei mwaka 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS, yaani ya setilaiti zinazoonyesha mahali ulipo, waliyokuwa wakiyapata raia. Usahihi ukapanda, na ukiongezewa kituo cha kusahihisha kilichosimikwa shambani, trekta huweza kujua ilipo kwa kosa la sentimita chache tu. Ndiyo maana matrekta mengi makubwa hujiongoza yenyewe kwenye mistari, dereva akiwa amekaa ndani anaangalia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harper Adams nchini Uingereza walikwenda mbali zaidi: walipanda, wakatunza na kuvuna hekta moja ya shayiri bila mtu yeyote kuingia shambani. Januari 2022 kampuni ya John Deere ilitangaza trekta isiyo na dereva kwa ajili ya soko.

Palizi nayo imepiga hatua, na hapa kuna werevu ninaoupenda sana. Unaweza kuijenga roboti itazame kila jani na kuuliza: hili ni zao au gugu? Njia hiyo inahitaji kamera nzuri na programu iliyofundishwa kwa picha nyingi mno, na ndiyo inayotumiwa na mashine zinazonyunyizia dawa juu ya gugu pekee badala ya shamba zima. Deere iliinunua Blue River Technology, kampuni ya kazi hiyo, mwaka 2017 kwa dola milioni 305. Njia ya pili inatumiwa na roboti ya Kidenmaki inayokwenda kwa umeme wa jua. Hiyo hupanda mbegu yenyewe na kuandika kila moja imeangukia wapi. Wiki chache baadaye inarudi na kukwangua kila mahali isipokuwa pale. Haijui gugu linafananaje, wala haijali. Inakumbuka tu.

Jambo jingine linaloisaidia palizi ni kwamba kukosea hakugharimu sana. Gugu moja likiachwa, maisha yanaendelea. Wafugaji wa samaki aina ya samoni huko Norway wanategemea msamaha huohuo. Ndani ya vizimba vya baharini wameweka vifaa vyenye kamera vinavyotafuta chawa wa samaki na kuwachoma kwa leza ya kijani. Magamba ya samaki yanaakisi mwanga ule, chawa mwenye rangi nyeusi anaunyonya na kuungua. Kifaa kikimkosa chawa, samaki atapita tena baadaye.

Tunda halina msamaha wa aina hiyo. Likidondoka limepasuka. Likichubuliwa, halifai sokoni.

Sekunde 24 kwa pilipili moja

Mradi mmoja wa utafiti uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya ulitengeneza roboti ya kuvuna pilipili hoho ndani ya nyumba-kitalu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020, na yana namba mbili ambazo natamani zingewekwa chini ya kila video ya mavuno. Kuvuna pilipili moja kulichukua wastani wa sekunde 24. Na katika mazingira ya kawaida ya kibiashara, roboti ilifanikiwa kwa asilimia 18 tu ya pilipili. Mimea ilipoandaliwa ili iifae roboti, yaani yaliyokuwa yakiziba na kusongamana yakapunguzwa, mafanikio yalipanda hadi asilimia 61.

Isome tena tofauti hiyo. Roboti ni ileile, kamera ni zilezile, programu ni ileile. Kilichobadilika ni mmea, na mafanikio yakawa zaidi ya mara tatu.

Ugumu uko wapi? Jani limefunika tunda, na kikonyo kinachotakiwa kukatwa kiko nyuma yake. Kikonyo ni kijani, shina ni kijani, jani ni kijani. Matunda mawili yamegusana na kamera inayaona kama kitu kimoja chenye umbo la ajabu. Mvunaji wa kibinadamu hupitisha mkono nyuma ya jani bila hata kutazama, vidole vinahisi kikonyo, vinajua kukaza na kulegeza. Hans Moravec, mtaalamu wa roboti, aliliandika hili mwaka 1988: ni rahisi kiasi kuifanya kompyuta ifikie kiwango cha mtu mzima kwenye mchezo wa drafti au mtihani wa akili, lakini ni vigumu mno kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kusogea. Tunachokiita kazi isiyo na ujuzi ni ujuzi tuliouzoea hadi hatuuoni, na tukaulipa kidogo.

Ndiyo maana kampuni hufa huku video zake zikiendelea kusambaa. Abundant Robotics ya Marekani, iliyovuta matufaha kwa bomba la hewa, ilifunga mwaka 2021. Jikoni hali si tofauti: Zume, iliyokuwa ikitengeneza piza kwa msaada wa roboti na kupewa mamia ya mamilioni ya dola na wawekezaji, iliacha piza mwaka 2020 na kufungwa kabisa mwaka 2023. Mashine zao zilifanya kazi. Kufanya kazi na kulipa ni vitu viwili.

Ajira: hofu ya kweli imekaa wapi

Je, roboti itawafukuza watu mashambani? Tuangalie tukio ambalo halikuhitaji roboti hata moja. Kwenye miaka ya 1950 na 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha California walibuni mashine ya kuvuna nyanya za viwandani, ile inayokata mmea mzima na kuutikisa. Nyanya za wakati huo zingegeuka rojo. Kwa hiyo wenzao wa idara ya mimea walizalisha nyanya nyingine: ganda gumu, umbo la kubana, zinazoiva kwa wakati mmoja. Mwaka 1964 mpango wa kuleta vibarua kutoka Mexico ukafutwa, na ndani ya miaka michache karibu nyanya zote za viwandani jimboni humo zikawa zinavunwa kwa mashine. Wakulima wa nyanya walipungua kutoka takriban 4,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi 600 hivi mwaka 1973, huku tani zikiongezeka. Ajira zilizopotea zinakadiriwa kufika 32,000.

Mashine ile haikuwa na kamera wala kompyuta ya kuamua. Ilitosha kwamba zao lilibadilishwa, na kwamba mwenye shamba dogo hakuweza kuinunua. Anayesubiri roboti yenye akili ya mtu ndipo aanze kuogopa, anasubiri kitu kisicho cha lazima. Dalili ya kutazama ni aina mpya za mimea: matufaha yanayofundishwa kukua bapa kwenye nyaya mithili ya ukuta, au aina za mboga zinazotoa matunda nje ya majani. Hizo zikienea, mikono ya chuma itafuata.

Upande wa pili nao ni wa kweli. Zipo kazi zinazokosa watu, kama kukata nyama siku nzima kwenye baridi kali na visu vikali, au kubeba tanki la dawa mgongoni na kuivuta puani. Huko Japani helikopta ndogo zisizo na rubani zilianza kunyunyizia mpunga dawa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, vijijini ambako vijana walikuwa wameshahamia mijini. Na si lazima kila mkulima anunue yake: droni ya kunyunyizia hukodishwa kwa ekari, na dereva wake huhama shamba hadi shamba. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliitoa mojawapo ya ripoti zake kuu za mwaka 2022 juu ya suala hilihili, na likasisitiza kwamba faida haifiki kwa wazalishaji wadogo pasipo umeme, mtandao na mafunzo.

Je, chakula chake ni salama?

Dhana kwamba maziwa au mboga zilizopitia roboti si za asili haina msingi. Roboti haiongezi kitu kwenye chakula, ni njia ya kukishika. Swali la usafi lipo, lakini ni la kawaida: kila kiungo cha mkono wa chuma ni pembe ambamo mabaki hujificha, ndiyo sababu zile za viwanda vya chakula hujengwa kwa chuma kisichoshika kutu, huoshwa kwa maji ya moto, na kutiwa grisi isiyodhuru ikigusa chakula.

Mimi hatari ninayoiona iko kwenye utegemezi. Mei 2024 dhoruba kali ya jua ilivuruga mawimbi ya GPS, na wakulima kadhaa wa Marekani wakalazimika kusimamisha kupanda katikati ya msimu. Mwaka 2021 wahalifu wa mtandao waliingilia kompyuta za JBS, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za nyama duniani, machinjio yakasimama, na kampuni ikalipa dola milioni 11. Mwaka 2022 iliripotiwa kwamba matrekta na mashine za kuvunia zilizoibwa na wanajeshi wa Urusi mjini Melitopol, Ukraine, zilifungwa kutoka mbali zikawa hazifai. Watu wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Lakini mwenye ufunguo wa kumfungia mwizi anao ufunguo wa kumfungia mteja pia.

Ufunguo huo ndio kiini cha ugomvi wa matengenezo, yaani nani aruhusiwe kuitengeneza mashine ikiharibika. Januari 2025 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, ikiungana na majimbo ya Illinois na Minnesota, iliishtaki Deere kwa madai kwamba programu kamili ya kutengenezea mashine zake hupewa mawakala wake peke yao, hivyo mkulima hana budi kuwasubiri na kuwalipa wao. Kampuni ilipinga madai hayo. Mashine nyingi za kizazi hiki huuzwa kwa masharti yanayofanana, mnunuzi akimiliki chuma huku programu ikibaki mali ya aliyeitengeneza, na mara nyingi takwimu za shamba huhifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni. Anayefikiria kununua au kukodi aulize kabla ya kusaini: fundi anakaa umbali gani, mtu asiye wa kampuni anaruhusiwa kuifungua, na mtandao ukikatika wakati wa mavuno mashine inaendelea au inasimama?